Mto Karanga na Msitu Wake

Ukisafiri kwa gari kutoka Moshi kwenda Arusha, mara tu baada ya kuuacha mji utavuka daraja la Mto Karanga. Usipoangalia vizuri, waweza kulipita daraja hilo bila kujua. Mto wenyewe ni mdogo. Hausifiki kama Rufiji wala Ruvuma, na katika ramani nyingi za Tanzania jina lake halikuandikwa. Hata hivyo, maji unayoyaona chini ya daraja hilo yametoka mbali. Mengine yameanza safari mahali penye baridi kali, karibu na barafu. Yamepita katika msitu mnene, yamewanywesha watu na ng'ombe, yamemwagilia migomba na kahawa. Safari yake itakwisha katika Bahari ya Hindi, huko Pangani.

Katika somo hili tutaufuata Mto Karanga kutoka juu hadi chini. Tutakapomaliza utaweza kujibu swali ambalo hata watu wazima wengi hulikosa: Je, maji ya mito ya Kilimanjaro hutoka wapi hasa?

1. Mahali mto unapoanzia

Mlima Kilimanjaro ni mlima wa volkano. Ulijengeka kwa mawe yaliyoyeyuka na majivu yaliyotoka ardhini, tabaka juu ya tabaka. Una vilele vitatu: Shira, Mawenzi na Kibo. Kibo ndicho kirefu kuliko vyote. Kina urefu wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari.

Upande wa kusini wa Kibo, katika kimo cha mita 4,000 hivi, kuna bonde liitwalo Bonde la Karanga. Hapo hupita kijito chembamba chenye maji baridi sana. Wapanda mlima na wapagazi wanaotumia njia hiyo hulijua sana bonde hili, kwa kuwa ndipo mahali pa mwisho pa kuteka maji. Wakitoka hapo huelekea kituo cha Barafu, na huko hakuna kijito. Kila tone la maji litakalopikia na kunywewa huko juu hupandishwa na wapagazi.

Je, kuna baridi kiasi gani katika bonde hilo? Tunaweza kukisia kwa hesabu. Kwa kawaida, kila tunapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 za Selsiasi hivi. Mji wa Moshi uko katika kimo cha mita 800 hivi. Ikiwa kipimajoto kinaonyesha nyuzi 24 mjini Moshi, katika Bonde la Karanga, mita 3,200 juu zaidi, kitaonyesha nyuzi 5 hivi. Usiku joto hushuka zaidi, na maji yaliyo pembeni mwa kijito huganda.

Mimea ya huko ni michache. Kuna majani mafupi, maua madogo, na miti ya ajabu iitwayo senesio. Senesio haiangushi majani yake yaliyokauka. Majani hayo hubaki yamelizunguka shina kama koti, ili shina lisigande wakati wa usiku.

2. Je, mto ni mtoto wa barafu?

Ukiutazama Kibo asubuhi na mapema ukiwa Moshi, utaona barafu ikimetameta juu yake. Jambo hili lilipotangazwa Ulaya na Johannes Rebmann, mmisionari aliyeiona barafu hiyo mwaka 1848, baadhi ya wataalamu walikataa kusadiki. Walisema haiwezekani barafu iwepo karibu na ikweta. Sasa sote twajua kuwa ipo.

Kwa kuwa barafu iko juu na mito iko chini, watu wengi hudhani kwamba mito yote ya Kilimanjaro hutokana na barafu hiyo. Hebu tuchunguze kama dhana hiyo ni ya kweli.

Kwanza, barafu ni kidogo. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia mwaka 2007 ilikuwa imebaki chini ya kilomita za mraba 2, nayo imezidi kupungua tangu hapo. Pili, sehemu ya barafu hiyo haiwi maji kamwe. Kwa sababu hewa ya kileleni ni kavu na jua ni kali, barafu hugeuka kuwa mvuke moja kwa moja na kupotea hewani. Tatu, kileleni hunyesha kidogo sana.

Sasa teremka hadi kwenye msitu. Msitu wa Kilimanjaro umeuzunguka mlima kama mshipi uliofungwa kiunoni. Upande wa kusini huanzia kimo cha mita 1,800 hivi na kupanda hadi karibu mita 3,000. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 1,000. Upepo utokao Bahari ya Hindi hubeba mvuke. Unapofika mlimani hulazimika kupanda. Ukipanda hupoa, na ukipoa mvuke wake hugeuka kuwa mawingu na mvua. Kwa hiyo katika sehemu nyingi za msitu wa kusini hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali mjini Moshi hunyesha chini ya milimita 1,000.

Milimita 2,000 ni maji kiasi gani? Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba, huleta lita 1 ya maji. Basi milimita 2,000 huleta lita 2,000. Kiasi hicho ni sawa na madebe 100 ya lita 20, yote yakimwagwa mahali padogo panapotosha kutandika mkeka tu! Zidisha kiasi hicho kwa eneo la msitu mzima, nawe utaona ni maji mengi mno.

Sasa jibu la swali letu ni dhahiri. Sehemu kubwa ya maji ya Mto Karanga, na ya mito mingine ya mlima huu, haitoki katika barafu. Inatoka katika mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Mto Karanga ni mtoto wa msitu.

3. Msitu unavyohifadhi maji

Huenda ukauliza: mvua hunyesha hasa wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na kidogo wakati wa vuli. Mbona basi mto una maji hata mwezi Septemba, wakati wa kiangazi? Jibu ni kwamba msitu huyapokea maji kwa pupa lakini huyatoa kwa uchoyo.

Matone ya mvua hupiga kwanza majani ya miti mirefu kama mikamfa na mipodo. Nguvu zake hupungua, kisha hudondoka polepole kwenye vichaka na makangaga. Chini kabisa kuna tabaka nene la majani yaliyooza, liitwalo mboji. Mboji hunyonya maji kama sifongo. Mizizi nayo imeupasua udongo na kufanya njia nyingi ndogo za maji kupenya. Chini ya udongo kuna miamba ya volkano yenye nyufa na vinyweleo. Maji huingia humo, husafiri gizani kwa muda mrefu, kisha hutokeza tena mlimani au chini yake kama chemchemi. Mji wa Moshi wenyewe hupata maji yake ya kunywa katika chemchemi za namna hiyo, kama vile Nsere na Shiri.

Tena msitu hukamata maji hata siku ambazo mvua hainyeshi. Ukungu unapopita katikati ya miti, matone madogo sana hunasa kwenye majani na kwenye kuvumwani, yaani mimea midogo laini inayoota juu ya magome na kuning'inia kama ndevu. Matone hayo huungana, huwa makubwa, na hudondoka ardhini. Mahali pasipo na miti, ukungu huo huo hupita bila kuacha maji mengi.

Jaribio la kwanza: Udongo ulio uchi na udongo uliofunikwa

Vifaa: Madebe mawili makuukuu yaliyokatwa ubavuni, udongo, majani makavu na majani mabichi, mawe mawili, vikopo viwili vya kukingia maji, na kopo lililotobolewa matundu madogo chini yake.

Njia: Jazeni udongo katika madebe yote mawili. Udongo wa debe la kwanza uacheni uchi. Udongo wa debe la pili ufunikeni kwa tabaka nene la majani. Inueni upande mmoja wa kila debe kwa jiwe ili madebe yalale kama mteremko wa mlima. Toboeni tundu upande wa chini wa kila debe na mkinge kikopo hapo. Sasa mimineni lita 2 za maji juu ya kila debe kwa kutumia kopo lenye matundu. Mfanye hivyo polepole, kama mvua inavyonyesha.

Angalieni: Maji ya debe lipi yalitangulia kutoka? Maji ya debe lipi yana matope? Baada ya robo saa, ni debe lipi linaloendelea kudondosha maji?

Mtaona kuwa maji ya udongo ulio uchi hutoka mbio yakiwa na matope, kisha hukatika upesi. Maji ya udongo uliofunikwa hukawia, huwa masafi zaidi, na huendelea kutoka hata baada ya “mvua” kwisha. Mlima usio na msitu ungekuwa kama debe la kwanza. Wakati wa masika ungeleta mafuriko, na wakati wa kiangazi mto ungekauka.

4. Mto katika vihamba

Ukitoka msituni, Mto Karanga huingia katika nchi ya Kibosho. Hapa mteremko bado ni mkali, na mto umechimba bonde refu lenye kingo zilizosimama kama kuta. Maji hupita chini kwa kishindo, lakini mashamba yako juu ukingoni. Maji yatafikaje huko?

Wachaga walipata jawabu la swali hili zamani, kabla ya kuja kwa wakoloni. Walichimba mifereji iitwayo mifongo. Mfongo huanzia mbali juu, mahali ambapo mto na ukingo wake vinakaribiana. Hapo huziba sehemu ya mto kwa mawe, magogo na majani ya migomba, na kuyageuza baadhi ya maji yaingie katika mfereji. Mfereji hupitishwa ubavuni mwa kilima kwa mteremko mdogo sana, mdogo kuliko ule wa mto. Kwa hiyo kadiri mto unavyozidi kuteremka, mfereji hubaki juu, mpaka ukafika kwenye vihamba.

Katika kihamba utaona mimea imepangwa kama orofa za nyumba. Juu kuna miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kuna kahawa, na chini kabisa kuna magimbi, maharage na mboga. Kila kimoja kinamkinga mwenzake dhidi ya jua kali na mvua kubwa. Kwa njia hiyo kihamba nacho huhifadhi maji na udongo, kama msitu mdogo.

Mfongo hauwezi kufanya kazi bila ya ushirikiano. Watu wanaoutumia hupeana zamu za maji, hutoka pamoja kuusafisha na kuutengeneza, na humtii mzee wa mfongo anayesimamia taratibu hizo. Asiyekuja kazini au anayeiba zamu ya mwenzake hutozwa faini. Wazee hao walielewa jambo lile lile tunalojifunza leo, yaani kwamba maji ya mto ni mali ya wote, na aliye juu humdhuru aliye chini akiyatumia ovyo.

5. Mto mjini na nyikani

Kutoka Bonde la Karanga hadi Moshi ni karibu kilomita 27 tu ukipima kwa mstari ulionyooka, lakini mto umeteremka mita 3,200 hivi. Kwa wastani ni zaidi ya mita 100 kwa kila kilomita! Ndiyo sababu huko juu maji hukimbia kwa nguvu na kuviringisha mawe makubwa. Ukifika Moshi ardhi huanza kuwa tambarare. Mto hupunguza mwendo, huacha mawe, hubeba mchanga na matope tu.

Kusini mwa Moshi, Karanga huungana na Mto Weruweru. Weruweru nao huungana na Kikafu, na maji hayo yote huingia katika Mto Kikuletwa, ambao pia huleta maji ya Mlima Meru. Katika nyika hizo mvua ni chache na jua ni kali. Kama si mito hii, mashamba makubwa ya miwa ya TPC yasingeweza kustawi.

Mto Kikuletwa humwaga maji yake katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960. Humo wavuvi huvua perege na samaki wengine, na maji yakitoka bwawani huzungusha mitambo ya umeme. Kisha maji huitwa Mto Pangani. Mto Pangani hupita Korogwe na Hale, ambako huzungusha mitambo mingine ya umeme, na mwisho huingia baharini. Basi taa iwakayo Tanga au Moshi yaweza kuwa imewashwa na ukungu ulionaswa na kuvumwani katika msitu wa Kibosho.

Jaribio la pili: Kupima maji ya mto

Fanyeni jaribio hili pamoja na mwalimu, kwenye kijito kidogo kisicho na hatari, si wakati wa mvua. Pimeni mita 10 kando ya kijito na mweke alama mbili. Tupeni kipande cha gome la mgomba kwenye alama ya juu, na mhesabu sekunde mpaka kifike alama ya chini. Pimeni pia upana na kina cha maji.

Tuseme gome limetumia sekunde 20. Mwendo wa maji ni mita 10 gawanya kwa 20, yaani nusu mita kwa sekunde. Tuseme upana ni mita 2 na kina ni nusu mita. Zidisheni: 2 × 0.5 × 0.5 = 0.5. Basi kila sekunde nusu mita ya ujazo, yaani lita 500, hupita mbele yenu. Rudieni kipimo hicho kila mwezi na mwandike majibu katika daftari. Mwisho wa mwaka mtajua kijito chenu kina afya gani.

6. Hatari zinazoukabili mto

Adui wa kwanza wa msitu ni moto. Mwezi Oktoba mwaka 2020 moto uliunguza eneo la kilomita za mraba 95 hivi mlimani Kilimanjaro. Mwezi Oktoba mwaka 2022 moto mwingine ulizuka karibu na kituo cha Karanga, kule kule mto wetu unakoanzia. Moto ukiunguza mimea ya juu, hakuna kitakachonasa ukungu, na mboji iliyojengeka kwa miaka mingi huteketea kwa siku moja. Kuni za kupikia zisipozimwa vizuri, au mrina asali akiacha kinga cha moto, madhara yake hufika hadi nyikani.

Adui wa pili ni ukataji wa miti. Tangu mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa msitu upande wa chini, uitwao nusu maili, ili wanavijiji wapate kuni na nguzo humo bila kuingia katika msitu wenyewe. Mwaka 1973 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro, na mwaka 2005 msitu uliunganishwa na hifadhi hiyo ili ulindwe zaidi.

Adui wa tatu ni kulima kwenye kingo za mto na kutupa takataka majini. Udongo uliolimwa ukingoni huporomoka, hujaza mto, na kulifikia bwawa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu katika mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Barafu ya Kibo inapungua, na hatuwezi kuizuia kwa mikono yetu. Lakini mto haukutegemea barafu hiyo tu. Ukiupoteza msitu, mto utakufa hata kama barafu ingalipo. Ukiutunza msitu, mto utaendelea kutiririka. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba yapo maji ya kuufuata.

Mambo ya kukumbuka

Maji mengi ya Mto Karanga hutokana na mvua na ukungu katika msitu.
Mboji, mizizi na miamba yenye vinyweleo huhifadhi maji na kuyatoa polepole.
Mfongo huwa na mteremko mdogo kuliko mto, na huhitaji ushirikiano.
Yanayofanywa juu mlimani huwafikia watu wote wa chini.

Maswali

1. Kwa nini hunyesha zaidi katika msitu wa kusini kuliko mjini Moshi?
2. Taja sababu mbili zinazoonyesha kuwa barafu si chanzo kikubwa cha maji ya mto.
3. Eleza kwa maneno yako jinsi mfongo unavyoyafikisha maji juu ya ukingo wa mto.
4. Mvua ya milimita 30 imenyesha juu ya paa la shule lenye mita 50 za mraba. Ni lita ngapi za maji zingeweza kukingwa?
5. Chora safari ya Mto Karanga kuanzia Kibo hadi Bahari ya Hindi. Andika majina ya mito unayoungana nayo.
6. Ni mto au kijito gani ulio karibu na shule yako? Waulize wazee wa kijiji au mtaa wenu kama maji yake yameongezeka au yamepungua tangu walipokuwa watoto. Andika sababu wanazozitaja, kisha mzizungumze darasani.